Viwavi wa Mama Numbi, Panzi wa Mama Yangu

Juzi sokoni hapa Mwene-Ditu mwanamke mmoja alifungua mfuko mbele yangu, na kabla sijaona kilichomo tumbo langu lilikuwa limekwisha kujua. Viwavi waliokaushwa. Harufu ile ya moshi, majani makavu na udongo wa mvua haifanani na nyingine. Alisema wametoka kusini, wameletwa na treni, akanisogezea kiganja: "Onja, mama." Nikamwambia mimi sili. Alinitazama kama mtu aliyesikia uongo, na kweli ulikuwa uongo. Nimewala sana. Ndiyo sababu siwali.

Ninyi wa umri wangu mliozaliwa Kolwezi, katika zile kambi za wafanyakazi zenye nyumba zinazofanana, mtakumbuka miaka ambayo king'ora cha mgodi kilianza kunyamaza. Kwanza kilinyamaza siku moja moja, kisha wiki nzima. Kantini ya kampuni, ambamo mama zetu walikuwa wakipewa unga na samaki wa chumvi, ikabaki rafu tupu na mlinzi anayesinzia. Hapo ndipo akina mama walipoanza kulima viwanja vya nyumba. Maua yaling'olewa, mihogo ikapandwa mpaka chini ya madirisha. Mama yangu, ambaye hakuwahi kushika jembe, alipanda mihogo hadi karibu na choo, na jioni mikono yake ilikuwa na malengelenge aliyotupa kuyapuliza mimi na mdogo wangu Muamba. Muamba alipuliza mate tu. Alikuwa bado wa kubebwa mgongoni.

Babu yangu aliletwa kutoka Kasai na wazungu, kijana, kuja kuchimba shaba. Baba alizaliwa Kolwezi, nami nilizaliwa Kolwezi. Baba tulimwita Papa. Alikuwa mkubwa wa mafundi wa umeme, na jirani yetu, Tata Numbi, alifanya kazi chini yake. Kati ya nyumba zetu palikuwa na ua wa miti mifupi, na katika ua huo palikuwa na tundu tulilolitoboa mimi na binti yake, Numbi, kwa kupita mara ishirini kwa siku. Wao walikuwa wenyeji. Nyanya yake alikaa kijijini, kwenye njia ya kwenda Lubudi, penye msitu. Mimi sikujua kwamba kuna wenyeji na wasio wenyeji. Nilijua tu kwamba Numbi alikuwa na nyanya mwenye msitu nami sina, na nilimwonea wivu.

Mwaka huo tulikuwa na mwalimu tuliyemwita Madame Odette, mwembamba, mwenye kupenda kutupeleka nje kutazama vitu. Mvua zilipokuwa zinakaribia mwisho alituambia kila wawili walete wadudu wa aina mbili wanaokula majani, wawatunze wiki moja, kisha waje kusema wanatofautiana vipi. Mimi na Numbi hatukuhitaji kutafuta mbali. Mama Numbi alikuwa amerudi kutoka kwa nyanya na kikapu cha viwavi hai, wale ambao sisi tunawaita finkubala, weusi, wanene kama kidole cha mtu mzima, wenye vitone vyeupe na miiba midogo isiyochoma. Alitupa kumi pamoja na tawi la mti wao. Nami nilileta panzi wa mihogo ya mama. Mnawajua: wa manjano na weusi, wenye mistari ya rangi ya chungwa, wazuri kama shanga, na wanaonuka vibaya. Panzi yule hakimbii. Ukimshika anatoa povu la njano na kukutazama. Hana haraka, maana hakuna wa kumla. Hata kuku wa Mama Numbi, waliokuwa wakidonoa misumari, walimtema.

Tuliwaweka kwenye baraza letu, viwavi ndani ya katoni na panzi ndani ya kopo la maziwa lenye matundu. Wiki ile nilijifunza mambo ambayo sijayasahau. Viwavi walikula usiku na mchana, kwa pamoja, na ukitega sikio ulisikia sauti kama mvua ndogo juu ya bati. Lakini walikula majani ya mti wao tu. Tawi lilipokauka niliwapa majani ya mhogo, laini, niliyoyachagua mwenyewe. Walipanda juu yake, wakayagusa, wakageuka. Niliwapa ya mwembe, ya maboga. Wakakataa. Siku ya tatu wawili walikuwa wamekufa, wamelegea kama uzi, na majani mabichi yakiwa pembeni yao. Nilimlilia Mama Numbi, naye akanicheka.

"Huyu iko na muti wake," alisema. "Ukimutosha ku muti wake, anakufa. Hakuna kumubembeleza." Kutosha, kwetu, ni kutoa.

Panzi walikuwa kinyume. Walikula mhogo, maboga, maharage, ua la karatasi ngumu nililoweka kupamba kopo. Popote ulipowaweka waliona ni kwao.

Siku ya kusema mbele ya darasa, Madame Odette aligawa ubao kwa mstari wa chaki, upande huu viwavi, upande ule panzi. Tulizungumza vizuri, Numbi na mimi, tukipokezana. Tulisema kiwavi ana miguu mingi na hana mabawa, kisha anaingia udongoni na kutoka kipepeo mkubwa wa usiku, hafanani tena na alivyokuwa. Tukasema mtoto wa panzi anazaliwa tayari panzi, ila mabawa ndiyo anayangoja. Madame alifurahi. Akauliza darasa: kati ya hawa wawili, yupi ana faida?

"Finkubala!" darasa zima lilipiga kelele, na watu walikuwa wanameza mate.

"Na panzi?"

Msichana mmoja wa mbele, ambaye baba yake alikuwa mtu wa siasa, alisimama bila kuitwa. "Panzi ni sawa ba Kasai, Madame. Banakula majani ya benyewe."

Darasa lilicheka. Nilimtazama Madame Odette nikingoja amwambie akae, kwa kuwa alikuwa amesema bila kuinua mkono, na kosa hilo kwa Madame lilikuwa kubwa. Madame aligeuka akafuta ubao. Alifuta polepole, pande zote mbili, kisha akasema tufungue vitabu vya hesabu.

Mimi sikukasirika. Hili ndilo ninalotaka mlielewe. Nilidhani nimejifunza jambo jipya, kwamba panzi wale asili yao ni Kasai. Nilirudi nyumbani nikamuuliza Papa, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao akitengeneza redio.

"Papa, ni kweli panzi wetu walitoka Kasai?"

Aliweka bisibisi chini. "Nani amesema hivyo?"

"Tumesoma shuleni."

Aliokota bisibisi, akaendelea na redio. Sikuona kitu usoni mwake. Siku hizi nakiona.

Baada ya hapo nyimbo zilianza mitaani. Kwenye redio wakubwa walisema kwa Kifaransa, na mitaani vijana walisema kwa Kiswahili chetu. Neno lao lilikuwa *bilulu*. Kwetu Katanga bilulu ni wadudu, vidudu vyovyote, wa jikoni, wa shambani. "Bilulu batoke!" Wadudu watoke! Wimbo ulikuwa mzuri, wenye kupiga makofi, na Numbi aliuleta kupitia tundu la ua kama alivyoleta kila kitu kizuri. Nami nilifurahi sana, kwani niliona hatimaye watu wamewaonea uchungu akina mama na mihogo yao. Asubuhi hiyohiyo mama alikuwa ameketi kwenye mstari wa mihogo iliyoliwa hadi mashina, kitambaa cha kichwa mkononi. Nilitaka kumtoa huzuni.

Basi tulijipanga watoto saba au wanane. Nilichukua kopo langu la maziwa, panzi wakiwa ndani, nikawa mbele nikilipiga kwa kijiti. Tulizunguka nyumba za mstari wetu tukiimba. Watu wengine walitoka milangoni wakacheka, wengine wakafunga madirisha. Tulipofika kwetu nilisimama getini nikaimba kwa nguvu zangu zote, nikiyumba kiuno, huku namtazama mama.

"Bilulu batoke! Bilulu bende kwabo!"

Mama alisimama. Muamba mgongoni mwake alikuwa akipiga makofi. Papa alitoka ndani, akaja hadi getini, akalichukua kopo mikononi mwangu. Watoto wengine walikimbia. Nilidhani atanipiga kwa ajili ya kelele. Hakunipiga. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Kapinga, nani alikufundisha hiyo?"

"Numbi."

Papa alipita kwenye tundu letu la ua. Lilikuwa dogo kwake, matawi yakamchana shati. Tata Numbi alikuwa amekaa nje ananyoa ndevu kwa kioo kidogo.

"Batoto banaimba tu, shefu," alisema kabla Papa hajafungua mdomo.

"Batoto banaimba bile banasikia mu nyumba," alisema Papa.

Tata Numbi alimaliza kunyoa upande wa pili. Siku hiyo jioni mama aliniketisha akanieleza kwamba bilulu wanaoimbwa si panzi. Alinieleza kwa maneno machache, kama mtu anayetoa mwiba. "Ni shi," alisema. Ni sisi. Nilimuuliza kama ni Muamba pia. Akasema ni Muamba pia.

Wiki iliyofuata Papa alizuiwa kwenye lango la kazi. Walisoma majina, na ambao majina yao yalikuwa ya Kasai waliambiwa warudi nyumbani. Nafasi yake alipewa Tata Numbi. Na siku chache baadaye, saa za asubuhi, jua limekwisha kupanda, vijana wenye fimbo na mapanga walikuja wakifuata mistari ya nyumba, nyumba hadi nyumba. Mama alikuwa na sombe, majani ya mhogo, jikoni. Tuliwasikia wakiwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa sauti ya vyombo vinavyotupwa nje.

Mama Numbi alipita kwenye tundu akikwaruzika, kanga yake ikabaki kwenye matawi. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanivuta. Vijana wawili walikuwa tayari getini.

"Huyu ni mutoto wangu," aliwaambia. "Anaitwa Mwadi. Alikuya tu kucheza. Musimuguse."

Mmoja wao alimtazama mama yangu. "Ni kweli?"

Mama alikuwa akimfunga Muamba mgongoni. Hakuinua macho. Akaniambia mimi, si yule kijana: "Enda na mama yako."

Nikaenda. Kupitia dirisha la Numbi niliona wanatoka, mama na sufuria na godoro dogo kichwani, Papa na redio. Pale getini redio walimnyang'anya. Barabarani watu walikuwa wengi, wote wakielekea upande mmoja, upande wa stesheni, na wengine waliosimama pembeni walikuwa wakiimba wimbo ambao nilikuwa naujua wote.

Nilikaa kwa Mama Numbi wiki tano. Watu wananiuliza kama walinitesa. Sijui ingekuwaje kama wangenitesa, labda leo ningelala vizuri. Walinitunza. Nilioga kabla ya Numbi, nililala kwenye kitanda chake upande wa ukuta. Mama Numbi alinisuka nywele kwa mtindo wa kwao, na wageni walipokuja aliniita Mwadi, jina la kwao, nami niliitikia upesi bila kukosea. Shule ilikuwa imefungwa. Kila baada ya siku chache alikuwa anarudi na kikapu kutoka kwa nyanya, na mimi na Numbi tulikaa naye nyuma ya nyumba kuwakamua viwavi. Unamshika kichwani, unamsukuma kwa kidole, majani yote aliyokula yanatoka. Kisha wanachemshwa kwa chumvi, wanaanikwa, au wanakaangwa kwa nyanya na kitunguu, na unakula na bukari, ugali wetu, mpaka tumbo linakaza. Nilikuwa sijashiba hivyo tangu kantini ilipofungwa. Nilinenepa. Kuna siku nzima zilipita sikumkumbuka Muamba.

Kwetu upande wa pili wa ua hapakuwa na mtu bado. Nilipita na Numbi siku moja kutazama. Panzi walikuwa wamefunika mihogo yote, wamejaa kwenye mashina matupu, wanapandana, wanatembea polepole juu ya ukuta na ndani ya jiko. Hakukuwa na wa kuwatoa. Tulimkuta Tata Numbi anatoka mlangoni na kiti cha mbao cha Papa. Alisimama aliponiona. Kisha akasema, kama anayejibu swali, "Banaweza kukiiba," akapita nacho.

Siku hiyo nilimuuliza Mama Numbi lile lililokuwa likinisumbua. Alikuwa anapepeta viwavi wakavu kwenye ungo.

"Mama, nikiimba wimbo mwingine, watarudi?"

"Bani?"

"Mama na Papa. Mimi niliimba watoke. Nikaimba pale getini. Wakatoka."

Ungo ulisimama. Aliuweka chini, akanivuta kati ya magoti yake. "Si weye ulibatosha, mutoto. Hapana weye."

"Basi nani?"

Mama Numbi aligeuka akatazama nyumba yake, mlangoni alipokuwa amekaa mumewe. Aliuokota ungo akaanza tena kupepeta.

Siku iliposikika kwamba treni ya kwenda Kasai imepatikana, alijaza beseni bukari na finkubala, akalifunga kwa kitambaa, akanishika mkono. Hatukumchukua Numbi. Stesheni tuliisikia kwa pua kabla ya kuiona. Watu walikuwa wamelala kando ya reli, chini ya mabehewa, chini ya mashuka yaliyofungwa kwenye vijiti, familia juu ya familia, na moshi, na kukohoa. Tulitembea muda mrefu. Mama alinitambua kwanza. Aliita "Kapinga," na kwa sekunde moja sikugeuka, maana nilikuwa nimezoea jina lile jingine.

Alikuwa amekonda hadi mkanda wa kitenge ulimzunguka mara mbili. Mgongo wake ulikuwa mtupu.

"Muamba iko wapi?" aliuliza Mama Numbi.

Mama alionyesha kwa kidevu, nyuma ya reli, penye vilima vidogo vya udongo mwekundu vilivyopangwa kama matuta ya viazi. Surua, alisema. Juma lililopita. Papa ndiye aliyechimba. Papa mwenyewe alikuwa amekaa juu ya godoro letu, ndevu zimemjaa mvi ambazo sikuwahi kuziona. Alinitazama mashavu, mikono, nywele zilizosukwa.

"Umenona," alisema.

Mama alilipokea beseni kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama desturi, akashukuru. Mama Numbi alikuwa akilia waziwazi. "Mama Kapinga," alisema, "niachie huyu. Huko mbele bantu banakufa njiani. Nitamulea. Siku mutarudi mutamukuta."

"Hatutarudi," alisema mama.

"Basi niachie."

Treni ilikuwa imeanza kujazwa, watu wanapandishana kwa mikono kwenye mabehewa ya mizigo. Mama alinitazama. Sijawahi kutazamwa tena namna ile, bila hasira na bila kubembelezwa, kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake.

"Kapinga. Unaenda ao unabakia?"

Nilitazama behewa, giza lake na watu waliokwisha kubanana ndani. Nilitazama mkono wa Mama Numbi, wenye mafuta, wenye harufu ya kitunguu. Nilifikiria kitanda upande wa ukuta. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, najua, nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini nilifikiria kitanda, na mama yangu alikuwa ananitazama wakati nakifikiria. Papa alisimama akabeba godoro. Ndipo nikasema, "Naenda."

Mama alikuwa amekwisha kugeuka.

Tulisafiri siku nyingi, tukasimama Lubudi, tukasimama mahali pasipo na jina, na kila tuliposimama kuna waliobaki. Mama alinipa sehemu yake ya chakula njia nzima. Tulipofika Mwene-Ditu, Kasai, watu walitucheka Kiswahili chetu, wakatuita Wakatanga. Papa hakupata tena waya wa kushika, akafa kabla sijamaliza shule. Mama aliishi miaka mingi, akanisomesha kwa kuuza mafuta ya mawese, akawalea wanangu. Lile la stesheni hakulitaja hata mara moja, wala mimi sikupata ujasiri wa kulianzisha.

Ila wageni walipomuuliza ana watoto wangapi, alijibu sikuzote kwa maneno yaleyale, mimi nikiwa nimekaa pale pale karibu naye, nikimimina chai.

"Nilizala bawili," alisema mama. "Mumoja alibakia Kolwezi."

Wageni walimpa pole. Mama alizipokea, akiangalia mikono yake, na hakuwahi kuwaambia ni yupi.